Uzee wa Flo na Macho ya Bibi

Tangu Bibi Jane Goodall alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91, zimeandikwa sifa nyingi juu yake, nazo zafanana mno: bibi mwenye mvi, mpole wa sauti, mpenda wanyama. Sifa hizo si uongo, bali ni nyepesi. Mwenye kusoma huko Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, ana haki ya kudai zaidi, kwani yeye yu katika nchi ya Unyamwezi ambamo misafara ya zamani ilipita ikielekea Ujiji, na Gombe ni mbele kidogo tu ya mwisho wa njia ile, kaskazini ya Kigoma.

Goodall alipofika Gombe Julai 1960 alikuwa kijana wa miaka 26. Mzee wa kike anayestahili kutafutwa katika kitabu chake cha mwaka 1971, *In the Shadow of Man*, si yeye mwandishi. Ni sokwe aitwaye Flo. Hapo ndipo kalamu yake ilipo na nguvu kuliko mahali pengine popote. Flo ana masikio yaliyochanika, pua iliyovimba, meno yaliyokwisha kwa kutafuna. Kwa macho ya binadamu ni mbaya wa sura. Hata hivyo, madume wamfuata kwa wingi, na wanawe hawabanduki kwake. Mwandishi hamrembi Flo. Aonyesha jinsi amchezeavyo mtoto, jinsi amvumiliavyo, na alama za mwilini mwake zageuka kuwa historia ya maisha yake. Kusifu kwa namna hii ni kazi ngumu, maana kwataka miaka ya kutazama.

Flo alikufa mwaka 1972, na katika *Through a Window*, kitabu cha mwaka 1990, Goodall asimulia jinsi alivyokesha karibu naye ili nguruwe mwitu wasimrarue. Hapa mfasiri wa Kiswahili hupata taabu. Lugha yetu humpa kila mnyama upatanisho wa mtu akiwa hai: sokwe amekuja, sokwe amelala. Goodall alilazimika kuutetea upatanisho wa namna hiyo kwa Kiingereza, wakati wahariri walipotaka sokwe waandikwe kama vitu. Lakini mnyama akifa, Kiswahili humtenga. Binadamu huwa maiti, mnyama huwa mzoga. Mfasiri atakayeandika kwamba Goodall alikesha kando ya mzoga atakuwa sahihi kwa kamusi, na atakuwa ameiua sura nzima.

Sasa na iangaliwe nchi ya karibu. Katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wa kike wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi uliotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo huwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi, katika miaka mingi ya kuwapikia watu wale wale wanaotuhumu. Na katika masimulizi ya Wasukuma na jirani zao, mchawi hupanda fisi usiku. Yaani bibi akaaye peke yake, akazoeana na mnyama, hana sifa ya mpenda wanyama, ana hatari. Mwili wa mzee husomwa pande zote mbili. Masikio ya Flo yalisomwa na mtu aliyeuliza yamechanikaje. Macho ya bibi yalisomwa na watu waliokuwa na jibu kabla ya kutazama.

Kwa hiyo, kumsifu Goodall kwa upendo wake peke yake ni kumpunguzia. Upendo hata mwenye punda huudai, huku akimchapa. Jambo la kuigwa ni usomaji wake, nao waweza kuanzia kwenye ngano. Wanafunzi wakusanyao hadithi za Uyui huandika neno "kikongwe" na neno "fisi", wakapita. Yafaa waandike pia msimuliaji alikuwa nani na umri wake, bibi wa hadithi aliishi na nani, alipika kwa kuni gani, na ni nani katika kijiji aliyerithi shamba lake baada ya kufa.