Ufundi wa Kumtazama Vunjajungu

Wazee wetu wa pwani walitukataza tangu utotoni tusimguse vunjajungu, kwani, walisema, amgusaye hatakawia kuvunja chombo mikononi mwake. Na mtoto aliyevunja jungu la mama yake aliyajua vema malipo yake. Sisadiki kuwa mdudu ana uwezo huo, lakini katazo lile silibezi, maana lilitufunza adabu ambayo leo naiona kuwa ndiyo mlango wa ufundi adhimu, nao ni kutazama kwa macho, mikono ikiwa nyuma.

Asubuhi moja ya masika, mvua ikiwa imekatika punde, nilimkuta mmoja katika mwasmini wa uani, rangi yake kijani cha jani changa, mikono ameikunja kifuani mithili ya mtu aliye katika dua. Upepo ulipotikisa kitawi naye aliyumba, ulipotulia naye akatulia, hata nzi akaja akatua mbele yake pasipo shaka yoyote. Akageuza kichwa taratibu, akampima, kwa kuwa mdudu huyu hutambua umbali kwa kulinganisha yaonwayo na macho yake makubwa mawili, kama tufanyavyo sisi. Kisha, kabla sijapepesa jicho, ile mikono yenye miiba ilikwisha kunjuka na kukunjika tena, na nzi yumo ndani yake. Nilikuwa nimesimama pale yapata saa nzima, wala sikuona kuwa nimepunjwa.

Wapo wamfugao katika visanduku vya kioo, hasa Ulaya na Marekani, na wengi wao humpenda kwa dhati. Hata mwanachuoni Mfaransa Jean-Henri Fabre aliwaweka chini ya mifuniko ya wavu wa waya, juu ya mchanga, na katika juzuu ya tano ya kitabu chake cha wadudu, iliyotoka mwaka 1897, akasimulia jinsi jike amlavyo dume wake. Habari hiyo ilienea kote, ikawa ndiyo sifa yake ya pekee; ilhali wataalamu waliofuata wamebaini kwamba njaa ya jike huzidisha jambo hilo, na kifungoni dume hana pa kukimbilia, na kwamba nje madume wengi huenda zao salama. Tazama basi jinsi kifungo kinavyoweza kumshuhudia mfungwa vibaya.

Tena vunjajungu walio wengi wana sikio moja tu, nalo liko kifuani, katikati ya miguu. Kwalo husikia usiku mlio wa popo ambao sisi hatuusikii, na arukaye huacha njia yake ghafula, pengine akajitupa chini, akaokoka. Sikio hilo lina kazi gani chupani? Mfugaji atamwona akila, atamwona akining'inia kichwa chini akijivua ngozi, na hayo ni mengi. Lakini hatamwona akijihami, wala akichagua kitawi chake mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapomkuta katika ua wako, usikimbilie chupa. Vuta kigoda, keti, umpe saa moja ya siku yako. Umri wake aghalabu hautimizi mwaka. Mwache aumalize kitawini.