Mkono wa Klachi Si Mwavuli

Video mmeiona, kwa hiyo sitaipamba. Asubuhi ya Septemba, Barabara ya Morogoro, kushuka Kimara kwenda Ubungo, jua limekaa katikati ya njia kama limepangwa na mtu. Bodaboda yenye abiria mmoja inapita kituo cha Baruti. Dereva anafunua kioo cha kofia mpaka juu, anaachia usukani kwa mkono wa kushoto, anakinga macho kwa kiganja. Mbele yake bajaji inawasha indiketa na kupunguza mwendo. Anaiona ikiwa imeshamkaribia. Breki zote mbili, pikipiki inayumba, abiria anamgonga kisogoni, wanapenya. Chini ya video watu wameandika "fundi huyo" na "barabara anaijua".

Fundi gani? Kilichomwokoa ni wembamba wa bajaji. Mbele yake lingekuwa lori la mchanga, leo tungekuwa tunaandika rambirambi.

Nianze na yaliyo sawa, maana hayachukui nafasi: taa ya mbele ilikuwa inawaka, kamba ya kidevu ilikuwa imefungwa, mwendo haukuwa wa kichaa. Basi.

Turudi Baruti. Tukadirie alikuwa kwenye kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa pale. Kwa mwendo huo pikipiki inakula karibu mita 14 kila sekunde. Mkono ulikaa usoni kwa sekunde tatu hivi, yaani zaidi ya mita 40 ziliendeshwa kwa mkono mmoja, na huo mmoja ndio wenye mafuta na breki ya mbele. Wengi wanadhani mkono wa kushoto kazi yake ni klachi tu, na kwamba ukiwa gia ya juu huna haja nao. Mkono huo ni nusu ya usukani. Ukibana breki ya mbele uzito unakuja mbele, wako na wa abiria, na mikono miwili inatakiwa iupokee kwa usawa. Ukiupokea kwa mkono mmoja, usukani unasukumwa upande mmoja. Ule myumbo mliouona haukuletwa na lami wala tairi. Aliutengeneza mwenyewe pale alipoinua kiganja.

Na kiganja chenyewe kilimsaidia nini? Ukikiweka karibu na uso kinafunika jua, sawa, lakini kinafunika pia sehemu ya juu ya barabara, kule mbali ambako indiketa ya bajaji ilikuwa inawaka. Huku chini macho yamebaki wazi bila kioo, upepo na vumbi la Kimara vinaingia moja kwa moja. Machozi yakishatoka, mwanga unatawanyika ndani ya machozi hayo hayo. Alikimbia mng'aro akajitengenezea mwingine.

Itazameni tena sekunde ile kabla hajafunua kioo. Ni cheusi tii, na pembeni kuna kona ya karatasi iliyobanduka. Tinti ya gari! Nimeshaipigia kelele humu na nitaendelea. Kosa la Baruti halikuzaliwa Baruti. Lilizaliwa siku ile kijana alipokaa kwenye benchi la fundi wa tinti akasema "nibandikie nyeusi".

Tupige hesabu, maana wabandikaji hawapigi. Kwa kanuni ya kimataifa ya kofia, ECE 22, kama ilivyozoeleka kwa miaka mingi, kioo cheupe cha kofia kinatakiwa kipitishe angalau asilimia 80 ya mwanga. Kinachopitisha kati ya 50 na 80 kinaruhusiwa, lakini lazima kiandikwe kuwa ni cha mchana tu. Chukua kioo cha asilimia 80, kibandike karatasi ya gari inayopitisha 20. Mwanga haujumlishwi wala hautolewi, unazidishwa: kinachobaki ni asilimia 16. Sasa ongeza miwani ya jua ya kawaida inayopitisha 15, kama wafanyavyo wale wanaotaka kupendeza. Jicho linapata chini ya asilimia 3. Miwani inayopitisha chini ya asilimia 8 imewekwa kwenye daraja la nne, la watu wa barafu na milima mirefu, na hairuhusiwi kuendeshea chombo chochote cha moto. Anayeongeza miwani juu ya tinti anajivisha kiza kikubwa kuliko hicho, kisha anapakia mama wa watu.

Jingine ambalo wapenda tinti hawalijui ni kwamba giza haliondoi mng'aro. Kioo cha kofia ni plastiki, na plastiki hukwaruzika. Ukiifuta kavu kavu kwa mkono wa jaketi huku ina vumbi, unaisugua kwa mchanga. Kila mkwaruzo ukipigwa na jua la chini unatawanya mwanga, na mikwaruzo elfu kwa pamoja inakuwa pazia jeupe mbele ya macho. Tinti inapunguza jua, lakini inapunguza na bajaji pia. Pazia linabaki pale pale, barabara nyuma yake imezidi kufifia. Kwa hiyo dereva anafanya nini? Anafunua. Kioo cheusi kilichokwaruzika ndicho kinachofundisha watu kufunua kioo.

Halafu ije jioni. Anayekaa Kimara na kufanya kazi mjini, jua humpiga usoni mara mbili: asubuhi akielekea mashariki, jioni akirudi magharibi. Na magharibi yetu haina subira. Karibu na ikweta jua likishazama, baada ya dakika ishirini na kitu ni giza. Mtu anaondoka Magomeni na kioo cheusi kwa sababu jua linamchoma, akifika Ubungo kwenye foleni ni usiku, kioo ni kilekile. Anafunua tena. Wadudu wa jioni wanajua njia.

Wazee wetu walipambana na jua hilihili bila karatasi. Waliokulia vijijini wanawakumbuka mabwana shamba na waganga wa zahanati na Yamaha AG 100 zao, kofia zenye ukingo wa kivuli mbele, mwendo wa adabu. Jua likiwa mbele, bwana shamba aliinamisha kidevu kidogo, ukingo ukafunika jua, mikono miwili ikabaki usukanini. Hakuna aliyemrekodi video. Kwa wenye kupenda mashindano, Giacomo Agostini, bingwa wa dunia mara 15, alianza miaka ya 1960 na kofia ya bakuli na miwani ya kamba, bila kioo cha kufunua wala cha kufunika. Joey Dunlop alishinda mara 26 kwenye TT ya Isle of Man, kati ya 1977 na 2000, kwenye barabara za kawaida za zaidi ya kilomita 60 kwa mzunguko, zenye miti na kuta za mawe, ambako mazoezi hufanyika jioni na jua la chini hupenya kati ya matawi. Dunlop aliijua kila kona kabla hajaifikia. Leo kijana hajui hata upande ambao jua litachomoza kwenye njia anayoipita kila siku.

Na kulijua si elimu ya chuo. Kati ya Kimara na Magomeni barabara inaelekea mashariki karibu moja kwa moja. Siku za mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba jua nalo huchomoza mashariki kamili, ndiyo maana lilikaa katikati ya lami. Septemba huchomoza kama saa kumi na mbili na robo, kisha hupanda nyuzi 15 hivi kila saa. Saa moja kamili liko nyuzi 11 au 12 juu ya upeo. Saa mbili kasorobo limeshavuka 20. Balaa lote hudumu kwa muda wa saa moja na nusu tu. Hata anayeshindwa kubadili muda wa kuondoka anaweza kulitegemea jua lilipo, wala halitamshtua Baruti.

Sasa kofia. Kanuni hiyohiyo ya ECE inataka kofia imwachie dereva kuona angalau nyuzi 7 kwenda juu, na nyingi huacha zaidi kidogo. Jua likiwa nyuzi 12, huhitaji tinti wala kiganja. Unashusha kidevu kidogo tu, jua linazama nyuma ya ukingo wa kofia na barabara inabaki. Ukingo usipotosha, bandika utepe mweusi wa upana wa kidole juu kabisa ya kioo, usishuke mbele ya macho. Watu wa mashindano hufanya hivyo. Pale Baruti utepe wa shilingi chache ungemaliza habari yote: kidevu chini, mafuta yapungue, umbali na bajaji uongezeke, vidole viwili juu ya breki. Miwani ya jua? Vaa, chini ya kioo cheupe, uivue jua likiondoka. Ile ya polaraidi ijaribu kwanza, kwa sababu ndani ya baadhi ya vioo vya plastiki huchora rangi za upinde.

Kuhusu kununua kofia sitakawia, mnayajua: ikubane mashavu bila kuuma paji, ukiitikisa ngozi ya uso itembee nayo, na ukiivuta kutoka kisogoni huku imefungwa isivuke. Tafuta alama ya TBS au KEBS, au herufi E ndani ya duara na namba ya nchi kwenye lebo ya kamba. Anayevaa kapelo chini ya kofia ngumu ajue ameilegeza kwa makusudi. Anayempa abiria kofia ya ujenzi sina cha kumwambia ambacho sijamwambia. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi uliona kofia ikipunguza vifo kwa asilimia 42 hivi na majeraha ya kichwa kwa 69, lakini hesabu hiyo ni ya kofia iliyobaki kichwani.

Jambo moja zaidi, ambalo kwenye video hakuna aliyeliona. Magari yaliyokuwa yanapanda kutoka Ubungo jua lilikuwa mgongoni mwao, na madereva wao walimwona kijana vizuri kabisa. Wao ndio ambao yeye hakuwaona. Siku utakapokuwa upande wao, na kivuli chako kimelala kirefu mbele yako, chukulia kwamba anayekuja mbele hakuoni, na kama ana kioo kama cha huyu, hakuoni kweli.

Kwa hiyo kijana wa Baruti hastahili sifa za "fundi". Abandue karatasi leo. Kioo kikiwa kimekwaruzika anunue kingine cheupe, akioshe kwa maji na sabuni kabla ya kukifuta. Na abiria anayekuta kioo cheusi tii saa kumi na mbili jioni ana haki ya kushuka na kupanda ya jirani.