Sifa za Mbeleko

Watu wa milima ya Samia walisifika tangu zamani kwa uhunzi. Mawe ya chuma waliyachimba wenyewe, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyosafiri mbali na tanuri zao, mengine yakiuzwa na mengine yakitolewa mahari, hata jina la Samia na jina la jembe yakawa hayaachani katika tarikhi ya nchi hii iliyo kati ya Ziwa Viktoria na Mwamba wa Tororo. Sifa hiyo ni stahiki yao, wala sina nia ya kuipunguza. Lakini katika nchi hiyohiyo, kutoka Majanji ufukweni hata Bulumbi, na kutoka Bulumbi hata Malaba, uko ufundi mwingine, labda mkongwe kuliko uhunzi wenyewe, usiohitaji tanuri wala nyundo, ambao sijapata kuusikia ukisifiwa barazani: ufundi wa kumweleka mtoto mgongoni kwa nguo.

Nadhani hausifiwi kwa sababu umetupitia sote. Mdogo na mkubwa, waziri na mchukuzi, tuliuona ulimwengu kwanza kutoka nyuma ya bega la mtu, na fadhila aliyoipata mtu kabla ya kupata akili ni vigumu kuikumbuka akaishukuru. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Nami naona kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo, mtoto akiwa katika mwaka wake wa pili, ni kazi ya kumchukua. Binti yetu yuko katika umri huo. Amekwisha kujua kutembea, hajajua kufika. Akiachwa ashike njia kwa miguu yake, husimama penye kila jiwe na kumfuata kila kuku. Akibebwa mikononi, humchosha mchukuzi kabla shamba la jirani halijaisha. Akiachwa nyumbani, kilio chake huwafuata wazazi hata barabara kuu. Nyumba changa yenye mtoto wa namna hii, ikiwa haina mbeleko, ama haitoki kabisa, ama hutoka kwa taabu na kurudi kwa ugomvi.

Nasi tunapenda kutoka, hasa wakati wa vuli. Mvua za miezi hii aghalabu hunyesha alasiri, zikitanguliwa na upepo, kwa hiyo asubuhi hubaki safi, mimea ya msimu wa pili imekwisha kufunika ardhi, na Mwamba wa Tororo, ambao kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, huonekana karibu kuliko ulivyo. Asubuhi kama hizo ndizo tunazokwenda Majanji kutazama mashua za wavuvi, au kuvuka Busia kuwasalimu wakwe zangu upande wa Kenya, au kwenda mbali zaidi, hata jabali la Kakapel katika nchi ya Wateso. Njia nyingi ni za udongo mwekundu, ambao ukinyeshewa usiku hushika gurudumu lisitoke, na kigari cha kusukuma mtoto, ambacho kina faida yake katika miji yenye lami, kisingemaliza nusu ya safari hizo.

Mwalimu wa nyumba yetu katika ufundi huu ni mama yangu, aliyelea watoto wake, na wa ndugu zake, na sasa wajukuu. Siku aliyomfundisha mke wangu hakuanza na mtoto, alianza na nguo. Kanga mpya haifai, alisema, kwa maana ina dondo, na nguo yenye dondo huteleza. Sharti ifuliwe, ianikwe, ifuliwe tena, mpaka ilainike na kushikana. Kitenge cha pamba nzito ni bora kwa mtoto aliyekwisha kuwa na uzito, na katika vitenge vyote alivisifu vile vya ujana wake vilivyotoka Jinja, katika kiwanda kilichoendeshwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Nguo ya nailoni aliikataa kabisa, kwa kuwa hainywi jasho, na fundo lake hulegea njiani bila kutoa habari.

Kutoka nguo akaja mgongo. "Mama, inama kwanza," alimwambia mkazamwana wake, "inama mpaka mgongo wenyewe umshike mtoto kabla ya nguo kumshika." Mtoto hupitishwa kwapani, akalazwa kifudifudi, miguu yake ikapanuliwa na kukumbatia kiuno cha mchukuzi. Mkono mmoja hubaki nyuma ukimzuia asiporomoke, na wa pili hutupa nguo juu yake. Ukingo wa juu hupita chini ya kwapa za mtoto, maadamu shingo yake imekwisha kukaza. Ukingo wa chini huingizwa chini ya matako na kufika nyuma ya magoti, ili akae, asining'inie. Kisha pembe za juu hukutanishwa kifuani na kukazwa, za chini hukutanishwa kiunoni na kufungwa pasi na kulibana tumbo. Halafu mchukuzi huinuka taratibu, akaruka kidogo mara moja tu, na uzito wote hushuka mahali pake. Mruko huo mdogo ndio mizani ya kazi nzima. Mtoto akishuka kidogo akatulia, fundo ni zuri. Akizidi kushuka, hufunguliwa na kazi huanza upya, hata kama wenzako wamekwisha kutoka uani na wanakuita. "Ukiusikia moyo wake ukipiga mgongoni mwako," alisema mama yangu, "basi amekaa."

Huo ni ufundi wa kufunga. Kwenda njiani na mtoto aliyefungwa ni elimu nyingine, na mikasa ndiyo inayoifunza. Mtoto aliye mgongoni ana mikono miwili isiyo na kazi, na macho yanayoona kila kitu mama yake asichokiona. Pale Busia, katika kituo cha pamoja cha mpakani ambacho marais wa nchi zetu mbili walikizindua mwaka 2018, tulisimama katika safu, na nyuma yetu mama mmoja muuzaji wa ndizi mbivu na beseni lake mikononi. Vicheko vya watu ndivyo vilivyotugeuza. Binti yetu alikuwa ametwaa ndizi, ameichana ganda kwa meno, na nusu yake amekwisha kuipaka kwenye shingo ya mama yake. Mke wangu alipofungua mkoba alipe, yule mama akamzuia mkono: "Wacha, dada. Mtoto hadaiwi." Siku nyingine, katika njia ya Majanji, kiatu kimoja cha mtoto kilianguka pasipo sisi kujua, na kijana wa bodaboda, mrithi wa wale waendesha baiskeli walioianza kazi hiyo papo hapo Busia kwa kuvusha abiria baina ya vituo viwili vya forodha, akatufuata mwendo mrefu ili atupe kiatu hicho, asitake malipo. Na iko jioni moja baada ya mvua, kumbikumbi walipotoka ardhini kwa wingi, mtoto akawa anawakamata hewani na kuwala mmoja mmoja huku sisi tukidhani anacheza, mpaka mama yake alipohisi mbawa zimemnata shingoni. Huku kwetu kumbikumbi ni chakula cha heshima, kwa hiyo hapakuwa na dhara.

Sina haja ya kueleza habari za mkojo, ambazo kila mzazi anazijua. Nitasema tu kwamba mama mwenye hekima hatoki na leso moja. Ile ya pili, iliyokunjwa na kutiwa mkobani, hugeuka nepi, au mkeka wa kuketia kivulini, au kifuniko cha mtoto mvua ya alasiri inapowahi kabla ya kufika nyumbani. Katika mikasa hiyo yote, fundo halikulegea hata mara moja, na safari haikukatizwa. Na hapo ndipo nilipotambua kwamba starehe yetu ya vuli, tuliyoidhani ni hidaya ya majira, ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya mikono.

Mataifa mengine yameufikia ufundi huu kwa njia ndefu. Muuguzi mmoja Mmarekani, Ann Moore, alikwenda Togo miaka ya 1960 kwa kazi ya kujitolea, akawaona kina mama wa huko na watoto wao mgongoni, na aliporudi kwao na kujifungua akabuni mfuko wa kumchukulia mwanawe, ambao ulipata hataza mwaka 1969 na kuenea nchi nyingi. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey Sanabria, katika mji wa Bogotá, alianza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa vifaa vya kuwatia joto havikutosha hospitalini, na hospitali nyingi za ulimwengu zimeufuata mwendo huo. Mwaka 1986 madaktari wa Montreal walichapisha uchunguzi wao kwamba watoto wachanga waliobebwa zaidi kila siku walilia pungufu kwa asilimia 43 walipotimiza wiki sita. Nami nazifurahia habari hizi kwa moyo mweupe, kwa kuwa mtoto aliyetulia ni rehema popote alipo. Hata hivyo, siafiki mtu wa Tororo au wa Bungoma aone haya kwa nguo ya nyanya yake mpaka airudishiwe kutoka ng'ambo ikiwa na vifungo.

Mwaka 1902 serikali ya Kiingereza ililitoa Jimbo la Mashariki katika Uganda na kulitia katika himaya ya Afrika Mashariki, na Wasamia wakajikuta pande mbili za mpaka. Mbeleko haikupata habari hiyo. Keti Malaba uwatazame wanawake wapitao, Mteso, Mgwe, Msamia na Mpadhola: lugha zao utazitambua wakifungua vinywa, lakini kwa fundo hutawatenga.

Wasichana wa huku huanza mapema. Wakiwa bado hawajapelekwa shule, hujifunga gunzi la mahindi mgongoni na kulibembeleza, wakirudia kuinama na kuruka vilevile walivyoona, na baada ya muda mfupi hukabidhiwa mdogo wao wa kweli chini ya jicho la mkubwa. Wavulana hawapewi gunzi. Wengi hukua wakiamini kwamba mwanamume akieleka mtoto atachekwa, na imani hiyo ndiyo niliyokwenda nayo Kakapel, jabali lenye michoro ya kale ambalo limehifadhiwa kama turathi ya taifa, siku ambayo mke wangu alichoka na mimi nikamchukua mtoto mgongoni. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yake alisimama akanitazama. Nikamwamkia, akaitika, kisha akasema, "Mwanangu, fundo lako limeelemea kulia. Lilete kati, bega lisikuume." Akaegemeza baiskeli, akalifungua fundo na kulifunga upya kwa vidole vyepesi visivyositasita, akanieleza kwamba utotoni mwake, mama yake alipokwenda shamba, ni yeye aliyewaeleka wadogo zake huku akichunga ng'ombe, na kwamba wavulana wenziwe walifanya vivyo hivyo wala hakuna aliyecheka. Tulishuka mpaka chini na mtoto hakuamka.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wenye wana wa kiume, wa upande huu na wa upande ule: shule zikifungwa mwisho wa mwaka, wapeni kitenge kilichofuliwa na mdogo wao wa kuchukua, mkae karibu nao bila kuwacheka, mpaka fundo lishike.