Pongezi kwa Wapangaji wa Nyimbo za Kwaya

Upangaji wa nyimbo za asili kwa sauti nne ni kazi inayounganisha muziki wa Kiafrika na taratibu za muziki wa Ulaya. Huko Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya, kazi hii hufanywa zaidi na walimu wa muziki na viongozi wa kwaya za shule na makanisa.

Mizizi yake ni miwili. Wabukusu wa eneo hilo wana litungu, kinubi cha nyuzi saba, na ngoma ya kamabeka inayochezwa kwa mabega. Wamisionari wa Quaker, waliofika Kaimosi mwaka 1902, walieneza tenzi za kanisani.

Mpangaji huanza kwa kuusikiliza wimbo ukiimbwa na wenyewe, kisha huuandika kwa nota za solfa. Sauti ya kiongozi hubaki pekee, na kiitikio hugawanywa kwa soprano, alto, tenori na besi. Ugumu upo katika lugha: muziki ukipanda mahali ambapo toni ya neno hushuka, maana huharibika. Mpangaji hodari basi huacha sauti zisogee pamoja, hata kanuni za Ulaya zikikataa.

Njia hiyo ilitumika kitaifa mwaka 1963, wanamuziki George Senoga-Zake, Graham Hyslop na wenzao walipoandaa wimbo wa taifa wa Kenya kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Mpangaji Arthur Kemoli aliiendeleza kwa nyimbo za Kiluhya.

Wapangaji hawa wanastahili pongezi: wamezipa nyimbo za vijijini maandishi, na kwaya za mbali zinaweza kuziimba.