Kunyonga Kando ya Reli

Treni haiwezi mlima. Chuma juu ya chuma huteleza, kwa hiyo anayetandika reli kwenda bara hulibembeleza bonde, hulizunguka jabali, na hupasua kilima pale tu anapokosa pengine pa kupita. Wajerumani walianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, na walipopita Kilosa wakaushika mto Mkondoa wakapanda nao, wakaukuta huko juu ukiitwa Kinyasungwe, hadi reli ikaingia Dodoma mwaka 1910. Njia hiyo hawakuibuni wao. Burton alipita bonde la Mkondoa mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, na wote wawili walikuwa wakifuata migongo ya watu wa misafara waliokwisha kuizoea. Watu hao nao waliufuata mto kwa sababu una maji, na kwa sababu nyingine ambayo mtu mwenye pembe ya ndovu begani hahitaji kufundishwa: maji huchagua mteremko ulio mpole.

Anayenyonga baiskeli kutoka Kilosa kwenda Dodoma anairithi hesabu hiyo yote bure. Kilosa iko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Dodoma imepita mita 1,100, na kati yao reli inakwenda kama kilomita 170. Ukigawanya, unapanda mita tatu na ushei kwa kila kilomita. Jicho halioni mwinuko huo. Paja ndilo linaloanza kuuona, baada ya saa mbili.

Wenzetu wa mbali wamelijua hilo siku nyingi. Uingereza wana njia ya kutoka Bristol kwenda Bath, kama kilomita 21 katika bonde la mto Avon: treni ziliacha kupita, reli zikaondolewa, lami ikamwagwa, na sasa ni njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu. Wamarekani walikuwa wametangulia kufanya hivyo Wisconsin, miaka ya 1960. (Mtanzania akisikia Avon hafikirii mto, anafikiria baiskeli ya Kihindi, na sioni kama amekosea sana.) Lakini hao walingoja reli zao zife. Yetu ya upana wa mita moja ingali hai, mabehewa yanapita, na kando yake tangu Julai 2024 ile ya kisasa inawafikisha abiria wa Dar es Salaam hapa Dodoma kwa saa tatu na nusu hivi. Kupanda na baiskeli juu ya tuta ni kosa na ni hatari, na reli mpya imezungushiwa uzio. Njia ninayoisifu haina kibao wala lami. Ni ya miguu, na iliyoizaa ni magenge.

Magenge ni zile nyumba fupi za wafanyakazi wa reli, zilizopangwa kilomita kadhaa baada ya nyingine ili kila kundi likague kipande chake kwa miguu au kwa kiberenge. Palipo na genge pana mke anayehitaji chumvi, mtoto anayekwenda shule, mbuzi wanaotafuta majani, na jamaa wa genge la pili aliyefiwa. Miaka zaidi ya mia moja ya mahitaji hayo imechora njia nyembamba inayoandamana na reli, mara hatua ishirini kutoka kwenye kokoto, mara ikijitupa katikati ya shamba la mtama na kurudi. Hakuna mhandisi aliyeipima, na bado ina mwinuko uleule wa kihandisi kwa sababu imelala ubavuni mwa kazi yake.

Kati ya Kilosa na Kidete bonde linabanwa na milima ya Ukaguru upande wa kaskazini na Rubeho upande wa kusini. Huko ni kijani, na mpandaji huenda kivulini akidhani safari yote itakuwa hivyo. Kuanzia Godegode mambo yanageuka. Milima imekwisha kuzuia mvua ya pwani, na Kinyasungwe unakuwa mto wa mchanga, mpana, mweupe, wenye watu waliopiga magoti wakichimba visima vya kuchota kwa kata. Ukiuona Septemba huamini kwamba ndio uliochukua reli mwishoni mwa 2009 na Januari 2010. Maji yalivunja tuta kati ya Kilosa na Gulwe, usafiri ukasimama kwa miezi, na baadaye Wajapani wa shirika la JICA wakaja kupima namna ya kulikinga. Mto uliotoa njia huja kuidai, na njia ya miguu ndiyo hupona kwanza: siku maji yanapopungua mtu wa kwanza huvuka, wa pili hufuata unyayo wake, na mwisho wa wiki baiskeli zinapita.

Sasa nije kwenye ufundi wenyewe. Wanaoujua hasa si sisi tunaosafiri kwa kupenda. Ni muuza mkaa na mchota maji, juu ya Phoenix nzito isiyo na gia, yenye breki za vyuma na keria iliyoongezewa nondo na fundi wa kuchomelea. Mtazame anavyopakia. Madumu manne ya lita ishirini ni kilo themanini, na uzito huo haukai juu ya keria ila hushushwa pande mbili za gurudumu la nyuma, chini iwezekanavyo, ukafungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu hadi baiskeli na mzigo vinakuwa kitu kimoja. Kwenye mwinuko hashindani. Hunyonga kwa mwendo ambao angeweza kuushika hadi jioni, na pale panapomshinda hushuka mapema, kabla pumzi haijakatika, akasukuma kwa bega. Kijana wa mjini mwenye baiskeli ya gia ishirini na moja humpita kwa kishindo asubuhi. Mchana hukutana naye tena, kijana akiwa amekaa chini ya mbuyu.

Kujizuia huko ndiko ninakokuona kuwa kiini cha kazi hii. Mlima mkali humfundisha mtu kukaza, kisha humpa mteremko wa kupumzika. Njia ya reli haikupi kimoja wala kingine. Hakuna kilele cha kushangilia. Kuna kilomita zinazofanana, na kila moja inadai kiasi kilekile cha nguvu, kwa hiyo ukitoa zaidi saa tatu asubuhi utalipa saa nane.

Mchanga nao haushindwi kwa misuli. Unapunguza upepo kidogo kwenye tairi, unarudi nyuma kwenye tandiko, unaushika usukani kwa ulegevu na kutazama mbali, ng'ambo unakotaka kutokea. Ukiutazama mchanga ulio mbele ya gurudumu, umeanguka. Upepo wa kiangazi hutoka mashariki na kusini-mashariki, ndiyo maana anayepanda kwenda Dodoma husukumwa mgongoni, na anayeteremka kwenda Kilosa, ambaye kwa hesabu ya shuleni angestarehe, hupigwa usoni siku nzima.

Halafu kuna mbigili. Katika nchi hii ya migunga na mbigili, pancha ni sehemu ya ratiba. Gulwe, stesheni ya watu wa Mpwapwa, unaweza kumkuta fundi chini ya mwarobaini na karai lake la maji. Unamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, na kabla hajauliza unatoka wapi ameshaminya tairi lako. "Ndani hukuvalisha?" Anamaanisha tairi kuukuu lililokatwa kingo na kulazwa ndani ya jipya, ili mwiba ukutane na ngozi mbili kabla ya kuifikia tyubu. Inaongeza uzito, na kila muuza baiskeli wa mjini atakukataza. Msikilize fundi.

Kutoka Msagali kwenda Igandu mwinuko unaanza kujitangaza. Hapa ndipo tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa ikipanda kuelekea Dodoma ilirudi nyuma bila breki, ikagongana na ya mizigo, na watu 281 wakafa. Mpanda baiskeli anaielewa ajali ile kwa namna ambayo abiria wa basi hawezi. Acha kunyonga tu, mahali ambapo macho yanasema ni tambarare, uone gurudumu linavyoanza kurudi.

Msagali hiyohiyo ndiyo yenye reli yetu iliyokufa kweli. Mwaka 1946 tume ya John Wakefield ilikuja kutafuta ardhi ya karanga ili Waingereza waliokuwa kwenye mgao wapate mafuta. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Visiki vilivunja matrekta, udongo ukakauka hadi karanga zikawa hazichimbiki, mvua ikagoma, na Januari 1951 mpango ukatangazwa kuachwa baada ya kula pauni zipatazo milioni 36. Mgogo yeyote aliyekumbuka njaa ya Mtunya, ile ya mwishoni mwa Vita vya Kwanza, angewaeleza habari za mvua. Tawi la reli lililojengwa kutoka Msagali hadi Kongwa lilibaki bila cha kubeba, likang'olewa. Kuanzia 1964 Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, nayo leo ni mji wa wilaya wenye ranchi kubwa ya taifa.

Ningeulizwa Tanzania ianzie wapi kutengeneza njia ya baiskeli, ningesema hapo. Chuma kikiondoka, hesabu ya mwinuko hubaki ardhini. Ni safari ya asubuhi moja, haina mahandaki wala madaraja makubwa, na ingemfaa muuza mkaa na mwanafunzi kabla ya kumfaa mtalii. Gharama yake ingekuwa chembe ya barabara yoyote ya lami. Kinachokwamisha, nadhani, ni kwamba baiskeli kwetu imekuwa kitu cha kuachana nacho mtu anapopata pikipiki, na hakuna diwani anayeomba kura kwa kuahidi njia ya baiskeli.

Anayetaka kujaribu mwaka huu aende Juni. Mto unavukika, mtama umevunwa hivyo njia inaonekana, na upepo haujakomaa. Mbigili zitakuwa zimekauka vizuri, kwa hiyo abebe solusheni mbili, maana moja itaombwa njiani.