Kutangaza Kabla ya Kutumia

Kijana mmoja wa Tumbe, akitengeneza fomu ya kuingizia kwenye kompyuta takwimu za diko, pale wavuvi wanaposhushia samaki, alianza na ukurasa usio na kisanduku hata kimoja. Ni majina tu ya vigeu, yaani nafasi za kuhifadhi thamani: tareheKutoka, tareheKurudi, saaKutoka, idadiNdoo, uzitoKilo. Mbele ya kila jina, aina yake: tarehe, namba nzima, namba yenye desimali. Wengine saa hiyo wangekuwa wameshafika kwenye rangi za vitufe. Yeye alikuwa bado anatangaza vigeu, bila haraka, kama fundi mashua anayelaza mkuku.

Tarehe mbili za nini? Dagaa huvuliwa usiku. Chombo hutoka jioni, hurudi alfajiri, na mvuvi husema alikwenda usiku wa Ijumaa, yaani Alhamisi kuamkia Ijumaa, maana siku yake huanza magharibi. Kwa kompyuta siku hugeuka saa sita za usiku. Tena ile saa kumi na mbili ya jioni aliyotokea, mashine huiita 18:00. Anayetangaza kigeu kimoja na kukiita "tarehe" ameshachanganya siku za watu kabla samaki hawajashushwa.

Kisha likaja suala la sifuri, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Alimuuliza bwana diko, mzee anayeandika daftarini kinachoshushwa, "Ami, chombo kikirudi kitupu unaandika nini?"

"Sifuri, mwanangu. Kisichokwenda nakipigia mstari."

Daftari la mzee lilikuwa limekwisha kutenganisha mambo mawili ambayo mashine huyaunganisha. Katika Visual Basic, lugha ya programu aliyoitumia, kigeu kilichotangazwa kuwa namba huzaliwa na sifuri ndani yake, kabla mtu hajapima chochote. Usiku wa hasara baharini na usiku wa kulala nyumbani vingefanana. Kijana akatangaza kigeu cha pili kando ya uzito, cha ndiyo au siyo: kimekwenda? Mstari mmoja wa programu, lakini ndani yake mna heshima kwa mtu aliyekesha na kurudi mikono mitupu.

Juu kabisa ya ukurasa aliweka ile amri inayoikataza programu kupokea jina lisilotangazwa. Bila amri hiyo, ukikosea ukaandika uzitoKlo, Visual Basic haigombi. Hukuzalia kigeu kipya kitupu, na kwenye kujumlisha hukihesabu sifuri. Dagaa wa usiku mzima hupotea na hakuna aliyeonywa.

Ulegevu huu una umri. Lugha ya FORTRAN ya 1957 ilibahatisha aina ya kigeu kwa herufi yake ya kwanza: I hadi N ni namba nzima, nyingine zote za desimali. ALGOL 60 ikadai kila jina litangazwe. Kuna waliouona ukali huo kuwa usumbufu. Mimi nauona adabu, kwa sababu humlazimisha fundi akiri mapema anajua nini juu ya kazi za watu.

Siku hizi fomu huburutwa kwa kidole. Visanduku hupangwa, na kila kimoja hupokea maandishi yoyote: "kilo 20", "ndoo 3 hivi", "kidogo". Majina huachwa yalivyotolewa na mashine, Text12, Text14, na atakayeirithi fomu hiyo mwakani hatajua kipi ni uzito na kipi ni bei ya mnadani. Kazi inasifiwa kwa kumalizika siku moja. Halafu mtu aliye mjini, mbali na diko, hukaa na maelfu ya safu akigeuza ndoo kuwa kilo kwa makisio yake, akifuta "kidogo" na kuweka sifuri, akijaza sifuri nyingine penye mapengo. Bwana diko yupo, daftari lake lipo, na mistari yake imo. Hakuna anayempigia simu kumuuliza.