Bati Linalotazamana na Kusi

Kuanzia Kilwa Kivinje hadi Mchinga, ubavu wa nyumba ya udongo unaozeeka kwanza ni ule unaoelekea kusini. Masika inapokutana na mwanzo wa upepo wa kusi, mvua haishuki wima. Inakuja imelala, inauchapa ukuta, inabomoa udongo na kuziacha fito zimetokeza kama mbavu. Wenye nyumba wana dawa zao: kukandika upya, kupaka chokaa, kurefusha makuti ya upenuni. Wengine hupigilia bati, na hapo ndipo nilipomkuta fundi ambaye kazi yake ilinikalisha barazani kwa watu bila kukaribishwa.

Nilifikiri nitamwona juu ya ngazi. Nikamkuta amechuchumaa mbele ya mabati mapya, akipitisha kidole kwenye kila ukingo kutafuta mkwaruzo. Nyuma yake ukuta ulikuwa umeshatomewa na kukandikwa, ila ulikuwa bado na unyevu. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyekwisha kuchoka na gharama, hakuona sababu ya kungoja.

“Fundi, si upigilie tu hayo mabati?”

“Mama, ukuta mbichi ukiufunika unafuga mchwa.”

Akangoja. Kwangu mimi, kungoja huko ndiko kulikokuwa ufundi wenyewe, maana msumari hata mimi naweza kuupiga.

Ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatoa, na wa mawe ya matumbawe hivyohivyo, ndiyo maana watu wa pwani hii waliuvika chokaa kwa karne nyingi. Waliyachoma matumbawe juu ya rundo la magogo, wakaiacha chokaa ilainike, kisha wakaipaka. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani umesimama kwa mawe na chokaa hiyo, na jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14 vilevile. Lakini Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji kwa uzuri, aliandika kuwa nyumba zake ni za miti. Magofu yanatuonyesha kilichobaki tu. Watu wengi waliishi ndani ya vitu vinavyooza, na kuutunza ukuta ilikuwa kazi isiyo na siku ya kuisha.

Bati liliingia katika kazi hiyo kwa ahadi ya kuimaliza. Mwingereza Henry Robinson Palmer alilipa bati migongo mwaka 1829, na kwa migongo hiyo karatasi nyembamba ya chuma ikapata nguvu ya kujibeba. Mwaka 1837, huko Ufaransa, Stanislas Sorel akapata hataza ya kuvika chuma zinki. Zinki huliwa kwanza ili chuma kisalie. Basi anayenunua bati ananunua, kwa hakika, unene wa zinki na unene wa chuma. Akumbuke pia kwamba namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba: la 32 ni jepesi kuliko la 28, na bei yake nzuri ina sababu.

Ukuta ulipokauka, fundi alisimamisha papi kwenye nguzo za nyumba ili bati lisiguse udongo na hewa ipite nyuma yake. Chini akaacha shubiri nzima kutoka ardhini. Tope na saruji mbichi vyote hula zinki, na bati lililofukiwa mguu huanza kuoza pasipoonekana. Kisha akaanzia pembe iliyo mbali na upepo, kila bati jipya likililalia lililotangulia, hivi kwamba mdomo wa kila pishano ukaupa kusi kisogo. Vimbunga si wageni wa kila mwaka hapa, lakini Lindi ilipigwa na kimoja Aprili 1952, na Hidaya kikaja Mei 2024. Bati lililolegea hung'oka, na likiruka hukata.

Kijana wake alileta mashine ya kukatia. Fundi akairudisha kwa ishara ya kichwa na kuchukua mkasi. Cheche za mashine huunguza zinki, na chembe zake zikibaki juu ya bati huota kutu kabla ya mwezi kuandama. Hata baada ya mkasi alipiga brashi. Misumari nayo aliikaza mpaka mpira ulio chini ya kofia ukabanwa, akaishia hapo. Wengi huongeza nyundo mbili za kujionyesha, mpira ukapasuka.

Jambo lililonishangaza ni la chumvi. Nilidhani paa, linalokaa juani na mvuani, ndilo litakalokufa mapema. Kumbe mvua huliosha. Bati la ukutani lililojificha chini ya upenu hukusanya chumvi ya bahari msimu mzima bila tone la kuisafisha, na huota kutu mapema zaidi. Fundi alimwagiza mama aumwagie ukuta maji ya mvua mara kwa mara. Maji ya kisima chake, alisema, yana chumvi yake yenyewe.

Joto halina dawa kamili. Ukuta wa bati mtupu, kama ule wa vibanda vya sokoni, hugeuza chumba kuwa tanuri ifikapo adhuhuri, na sioni kwa nini mtu mwenye udongo na chokaa mlangoni alale humo. Hapa udongo ulibaki ndani, hewa katikati, bati nje. Hiyo ndiyo nafasi yake nzuri.

Mama alipoona ubavu mmoja unang'aa akataka na mitatu iliyobaki. Fundi akakataa kazi ya pesa. Kuta hizo mvua haizifikii sana, akasema, zipake chokaa, zipumue. Mabati yaliyosalia yakaenda kuezeka banda la kuku.